Bango Linalovuja

Kwa watu wengi herufi ni kitu cha kusomwa tu, na ukishaisoma mmemalizana. Kwa Madoido, herufi ilikuwa kama mtoto anayetoka kwenda kwa watu, na hakuna mzazi mwenye akili timamu anayemwacha mtoto atoke uchi. Kwa hiyo aliivisha. Aliitia kivuli, akaipaka mng'aro kwenye kingo, akaipasua nyufa, akaiotesha manyoya, akaimwagia dhahabu, na siku akiamka na furaha aliyafanya yote hayo kwa herufi moja. Mtaa ulishalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Hata mjomba wake, aliyemlea tangu mdogo, alimwita Madoido alipokuwa akimwita mezani.

Kazi yake aliifanyia kwenye chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la viatu. Kulikuwa na mashine ya kuchapisha, viti viwili vya plastiki, na feni iliyoipepea kompyuta badala ya kuwapepea watu, maana kompyuta ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Wateja walikuja na maneno yao machache kwenye kipande cha karatasi, wakaondoka na kitu ambacho hawakukiagiza. Mwenye nyumba mmoja alitaka tangazo la CHUMBA KINAPANGISHWA, akapewa maneno hayo yakiwaka moto, ndimi za moto zikipanda hadi nje ya fremu. Chumba kilikaa kitupu mpaka yule bwana alipoliandika tangazo upya kwa chaki. Muuza nyama naye alipata herufi za mnofu, zina mafuta na mishipa yake, na mbwa mmoja akahamia chini ya lile bango. Yupo hapo mpaka leo na ameshanenepa, ingawa sijui kwa kula nini.

Mambo haya hayakumkosesha Madoido usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni binti aliyeuza dawa kwenye duka la kona. Binti huyo aliitwa Dozi, kwa sababu hata salamu yake ilikuwa na masharti: ukimwambia umechoka, atakuuliza umelala saa ngapi, umekunywa maji kiasi gani, kisha atakurudisha nyumbani bila kukuuzia kidonge hata kimoja. Duka lake lilimpa Madoido kazi ya kutengeneza lebo zenye onyo WEKA MBALI NA WATOTO. Alipozipeleka, Dozi alizitazama kwa muda mrefu.

"Umeandika watoto wakae mbali," akasema, "halafu umeandika kwa peremende."

Ilikuwa kweli. Herufi zilikuwa na mistari myekundu na myeupe, zimesokotwa, zinang'aa kama zimelambwa. Mtu mwingine angeona aibu. Madoido aliona kwamba katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kuzitazama herufi zake kwa makini kiasi hicho, akapenda papo hapo. Kwa nini Dozi naye alimpenda, hilo mniulize kesho. Labda mtu anayeshinda siku nzima akipima kila kitu kwa kijiko huchoka, akatamani mtu asiyejua kipimo.

Wakapendana, wakaelewana, na kikabaki kikwazo kimoja chenye masharubu. Baba yake Dozi alikuwa Fundi Bomba. Mkewe alishafariki, na nyumbani walikuwa watatu tu: yeye, mama yake mzee ambaye kila mtu alimwita Bibi, na Dozi. Fundi Bomba alikuwa mtu wa haki na mchapakazi, ila hakuweza kuvumilia kitu kinachovuja. Kilimuuma kama jino bovu. Aliwahi kuinuka katikati ya kikao cha wazazi shuleni, mwalimu mkuu akiwa anazungumza, akatoka kwenda uani kukaza bomba alilolisikia likidondosha, kisha akarudi na kukaa bila kuomba radhi.

Siku Madoido alipokwenda kujitambulisha, alikaa ukingoni mwa kiti, akatoa shikamoo yake, ikapokelewa kwa marahaba fupi. Fundi Bomba akamuuliza anafanya kazi gani. Madoido akaeleza kuhusu programu ya kuhariri picha, na jinsi anavyoyapamba maneno.

"Hayo maneno unayakuta yameshaandikwa?" akauliza mzee.

"Ndiyo, baba. Mteja anakuja nayo."

"Na yanasomeka?"

"Yanasomeka."

"Sasa wewe unafanya nini?"

Bibi, aliyekuwa akichambua mboga pale pembeni, alimwonea huruma akamsogezea glasi ya maji. Fundi Bomba alifikiri kidogo, akatoa hukumu yake. Kijana atamtengenezea bango la kutundika mbele ya nyumba. Likileta wateja, kijana alete wazee wake wazungumze habari za ndoa. Likifukuza wateja, kijana aondoke nao. Maneno ya bango akayatamka mwenyewe, polepole, kama mtu anayesoma kiapo: HAPA HAKIVUJI KITU.

Madoido alirudi chumbani kwake akiwa haoni njia, anaona herufi tu. Kazi ya fundi wa mabomba ni nini, kama si maji? Basi herufi zitakuwa za maji. Alianza na herufi tupu za kijivu. Juu yake akaweka tabaka la buluu lenye mawimbi, juu yake tabaka la mng'aro, juu yake matone, na chini ya kila tone kivuli chake. Programu ile huyapanga matabaka hivyo, moja juu ya jingine, kama shuka na mablanketi kitandani, na fundi akitaka huchomoa moja bila kuyagusa mengine. Madoido alikwenda hata kusimama mbele ya nyumba ya Fundi Bomba asubuhi ili aone jua linapiga kutoka upande gani, akarudi akaupanga mwanga wa kwenye matone ufuate upande huo huo. Herufi ya mwisho, ile U, aliijaza maji mpaka ukingoni yakawa yanafurika. Alipomaliza aliisogelea skrini, na wallahi mkono wake ulitaka kuyafuta maji.

Hapo ndipo alipofanya kosa, na lilikuwa kosa la mazoea. Kazi ilikuwa nzito, na kompyuta ilishaanza kugoma. Kama alivyozoea kila kazi inapompendeza, aliyabana matabaka yote yakawa moja, akahifadhi, kwisha. Hakuona sababu ya kujiachia mlango wa kurudi nyuma. Nani anarudi nyuma kutoka kwenye uzuri?

Bango lilitundikwa asubuhi, Fundi Bomba akiwa kazini, kinyozi akiwa ameshika ngazi. Jua likapiga kutoka upande ule ule. Madoido na kinyozi wakarudi nyuma hatua chache wakalitazama, na kinyozi akasema kwa sauti ya chini kwamba amepata kiu. Madoido aliichukua kama sifa, akaondoka kichwa kikiwa kimemvimba.

Wa kwanza kutoka ndani alikuwa Bibi. Macho yake hayakuwa tena yale ya ujana, lakini maji aliyajua. Alitazama juu, akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na beseni, akaliweka chini ya bango. Kisha akaketi kivulini kusubiri mwanawe arudi.

Wapita njia wakaanza kupungua mwendo. Kuna waliosimama, wakasoma HAPA HAKIVUJI KITU, wakaona matone, wakaona beseni, wakashikana mabega kwa kicheko. Akapita mama mmoja mwenye nyumba yenye vyumba vingi vya kupangisha, ambaye mabafu yake yote yalikuwa na kasoro na alikuwa amekuja kwa nia njema kabisa ya kutoa kazi. Alisoma maneno, akatazama beseni, akarudia kusoma maneno, kisha akaondoka bila kupiga hodi.

Halafu akarudi mwenye bango mwenyewe. Fundi Bomba alikuwa na desturi ya kuipandisha miwani yake kwenye paji la uso atembeapo, na kutoka kona ya mtaa alichokiona ni nyumba yake ikivuja hadharani. Hakuuliza. Alitupa mkoba chini, akachomoa spana, akaegemeza ngazi, akapanda kwa kasi ambayo mgongo wake ulikuwa umeshaisahau, akaanza kuikaza herufi K. Spana ikateleza. Akaikaza tena. Mtaa mzima ulinyamaza, maana kuna mambo mtu hataki kuyakosa. Ndipo alipoishusha miwani machoni, akalitazama tone kwa karibu, akaligusa kwa kidole, akakitazama kidole. Kilikuwa kikavu. Akashuka. Kupanda kule kulichekesha, lakini kule kushuka polepole, ngazi kwa ngazi, huku watu wote wakimtazama, kulimtia huruma hata muuza viatu.

Usiku ule ikanyesha mvua. Asubuhi Bibi akamwita mwanawe akamwonyesha beseni limejaa, na alipoambiwa kwamba lile ni picha tu, aliuliza kama picha imejaza beseni lote hili peke yake.

Madoido aliitwa. Alikwenda, akakuta mzee ameketi amekunja mikono, Dozi amesimama nyuma yake. Akaomba radhi kwa kila namna aliyoijua. Dozi akamwambia afanye jambo rahisi, ayaondoe maji abakize maneno. Ikabidi Madoido aeleze habari za matabaka, na jinsi alivyoyabana kuwa moja, na kwamba sasa maji na herufi vimekuwa kitu kimoja.

"Yaani umechanganya dawa zote kwenye chupa moja," akasema Dozi, "na chupa umeibandika ukutani kwa baba."

Madoido akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Akasema atalishusha bango leo leo, atengeneze jingine upya, bila tone hata moja. Hapo Fundi Bomba akainua mkono.

"Halishuki," akasema. "Mimi sing'oi bomba kwa sababu linavuja. Naliziba pale pale lilipo, mwenye nyumba akiona. Nikilishusha hili, watasema limenishinda. Uliharibu ukutani, utatengeneza ukutani. Siku litakapoacha kuvuja lote, lete wazee wako. Kabla ya hapo sitaki kusikia hodi yako."

Jaribio la kwanza la Madoido nalitaja kwa sababu ni lazima. Alichapisha stika yenye picha ya utepe wa plastiki, ule mweusi wa kuzungushia mabomba, umezungushwa vizuri sana na una mikunjo yake, akaibandika juu ya matone ya K. Sasa bango likawa linasema hakivuji kitu, linavuja, na limezibwa kwa utepe. Kwa fundi wa mabomba hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Fundi Bomba aliibandua stika mwenyewe kabla ya kunywa chai.

Madoido akakaa kwenye chumba chake akiwa maji yamemfika shingoni, na kwa mara ya kwanza alijiuliza lile swali la mzee kwa dhati: mimi nafanya nini? Kinyozi akatia kichwa mlangoni na kumshauri atafute mchumba ambaye baba yake ni mwalimu. Madoido hakumsikia. Alikuwa anafikiria kwamba ukitaka maji yaache kumwagika, huyafuti, unayatia ndani ya kitu. Akafungua programu, akaanza kuichora ile H ya kwanza kwa bomba la chuma. Chuma kizito, chenye mng'aro wa kijivu na kivuli chake. Aliichapisha kwa kipimo kile kile cha herufi ya bango, stika ya kubandika juu. Safari hii matabaka yake yote aliyaacha wazi.

Akampelekea mzee, hakupiga hodi, alisimama tu nje mpaka akaonekana. Fundi Bomba akaivaa miwani, akaitazama H kwa muda mrefu.

"Hili bomba la katikati limeungana vipi na haya mawili?"

Madoido hakujua. Lilikuwa limeungana kwa sababu H huungana. Mzee akaingia ndani akatoka na kiungio cha chuma chenye midomo mitatu, akakiweka mezani, akaonyesha kwamba bila hiki, hapo patavuja. Madoido akarudi, akakipiga picha, akakitia kwenye H pande zote mbili, nati zake zikiwemo. Kesho yake mzee akaja mwenyewe ofisini, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akasema jana hakulala akiifikiria ile V, maana bomba halikunjwi vile bila kiungio cha kiwiko, litapasuka.

Siku ya kubandika H ya kwanza, Fundi Bomba alipanda ngazi akiwa na stika mfukoni na spana mkononi. Spana haikuwa na kazi yoyote pale, lakini hakuwahi kupanda ngazi bila spana na hakuwa tayari kuanza uzeeni. Watu wakasimama. Akawapa mgongo, mgongo wake ni mpana, akaibandika stika taratibu akiifuta mapovu kwa kiganja, kisha kwa mazoea tu akaiweka spana kwenye nati ya picha na kuizungusha kidogo. Aliposogea pembeni, herufi iliyokuwa ikivuja tangu wiki iliyopita ilikuwa kavu, imekazwa, ya chuma. Mtaa ukaguna. Yule mama wa nyumba ya vyumba vingi alikuwa anapita. Alitazama H, akatazama maji yaliyokuwa bado yakitiririka kwenye herufi nyingine zote, na akamwomba Fundi Bomba apite kwake jioni atazame mabafu.

Mzee alishuka ngazi akiwa mtu mwingine. Madoido alitaka kumpa herufi zote zilizobaki zibandikwe siku ile ile, yaishe. Fundi Bomba alikataa kata kata. Kazi ya haraka hurudi, alisema. Itakuwa herufi moja kwa siku, asubuhi, watu wakienda makazini.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi watu walikusanyika chini ya bango, wakabishana leo ni zamu ya ipi, wakampa mzee ushauri asioutaka. Walioleta mabomba yao mabovu mkononi walipanga foleni karibu na Bibi, aliyekuwa akilisogeza beseni lake kila herufi ilipokauka, akilifuatisha maji yalikobaki. Kazi zilikuja mpaka Fundi Bomba akaanza kuzikataa. Na kila alasiri alikuwa ofisini kwa Madoido, kiti kile kile, pua karibu na skrini. Mtu aliyeuliza kazi yenyewe ni nini sasa alikuwa akiuliza kama hapa hapawezi kung'aa kidogo zaidi. Kwenye herufi A aliagiza kutu kidogo kwenye nati, ionekane ina historia. Kwenye J alitaka mvuke. Madoido, ambaye hajawahi kumwambia binadamu yeyote kwamba madoido yamezidi, alijikuta akisema, "Baba, ule mvuke tuuache," na mzee akanuna mpaka jioni.

Madoido alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Hakuwa na baba, na hapa alikuwa na mzee wa kubishana naye habari za vivuli. Mjomba wake alishapiga pasi shati la kwendea ukweni, akalitundika nyuma ya mlango.

Zikabandikwa zote, ikabaki U. Ile ya mwisho kabisa, iliyofurika mpaka ukingoni. Madoido aliichapisha mapema, akaikabidhi.

Asubuhi iliyofuata mzee alisema stika imepeperushwa na upepo. Madoido akachapisha nyingine. Hiyo ilikaliwa na Bibi, ingawa Bibi mwenyewe alikana. Ya tatu ilibandikwa ndani ya sanduku la vifaa kwa bahati mbaya na haikubanduka. Kisha spana haikuwa saizi yake, kisha goti likauma, kisha hali ya hewa haikumpendeza. Watu walikuja asubuhi wakaondoka, na kinyozi akaanza kusema waziwazi kwamba mzee amenogewa na ukumbi, hataki watazamaji waishe. Madoido naye aliamini hivyo. Alikaa ofisini akiitazama U kwenye skrini, ameishiwa maarifa, shati la mjomba likianza kushika vumbi. Aliogopa kwamba atazeeka akichapisha U.

Dozi hakuamini habari za ukumbi. Yeye aliishi na baba yake. Alimwona jioni akiketi mbele ya bango, watu wote wameshaondoka, akiitazama ile herufi moja iliyobaki, na hakuwa na uso wa mtu anayejivuna. Alisubiri siku mbili tatu, kama anavyofanya kabla ya kumpa mtu dawa kali. Kisha akapita ofisini kwa Madoido, akaomba U, akaikunja vizuri na kuitia kwenye mfuko wa koti lake jeupe la kazini.

Asubuhi watu walipokusanyika, wakamwona Fundi Bomba amesimama mlangoni anajishika goti, na binti yake anaegemeza ngazi. Madoido alikuja mbio kutoka upande wa kinyozi. Dozi alikuwa ameshapanda.

"Shuka, mwanangu," akasema mzee. "Hiyo ngazi inacheza."

"Basi ishike, baba."

Fundi Bomba akatazama ngazi. Ilikuwa inacheza kweli, na aliyekuwa juu yake ni mtoto wake wa pekee. Goti likapona. Akavuka kwenda pale, akaishika kwa mikono miwili, akaikanyaga kwa mguu chini, na sasa hakuweza kufanya lolote zaidi ya kushika. Dozi akaitoa stika mfukoni. Watu wakatulia.

"Ukiibandika hiyo ndiyo basi," akasema mzee, kwa sauti ya chini, ingawa kwa ukimya ule ilisikika mpaka kwa Madoido. "Utakwenda zako. Na mimi nani atanikumbusha dawa zangu za mgongo?"

Dozi alishusha mkono. Alimtazama baba yake kutoka kule juu, upara wake na miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso.

"Nahamia mtaa wa pili tu, baba," akasema. "Nitakuja kutwa mara tatu. Baada ya kula."

Mzee hakuiachia ngazi. Dozi akageuka, akaibandika U juu ya maji, akaifuta mapovu kwa kiganja kama alivyoona ikifanywa. Akanyoosha mkono chini bila kutazama, na baba yake, kwa mazoea tu, akampa spana. Akaizungusha nati mara moja. Pakawa pakavu pote, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Kinyozi akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na Madoido akakumbuka kwamba mjomba wake hajui lolote na shati linahitaji pasi upya. Lakini hakuondoka. Alikuwa ameona kwamba U imekaa upande kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu ashike kompyuta hakutamani kurekebisha kitu.

"Wazee wake waje Jumamosi," akasema Fundi Bomba, bado akiwa ameishika ngazi ingawa binti alikuwa ameshashuka. Akaishusha miwani kuyaficha macho, ikamsaidia kidogo tu.

Bibi akainuka kutoka kivulini. Akatazama juu kwenye bango, herufi hadi herufi, kwa utulivu wa mtu aliyekuwa sahihi tangu mwanzo, akaridhika kwamba sasa limezibwa. Akaliinua beseni lake. Kisha akamtazama mwanawe usoni, akaliweka tena chini, akalisukuma kwa mguu mpaka likafika miguuni pa Fundi Bomba.